Machungwa Matano Ukingoni mwa Kreta

Wapo watu pale Karatu ambao mpaka leo wanaamini nilipoteza kazi kwa ulafi. Tukikutana sokoni wananisalimia vizuri, shikamoo baba, habari za kijijini Buger, kisha macho yao yanateremka mpaka kwenye mfuko niliobeba, kuangalia nimenunua nini. Mmoja aliwahi kuniuliza kama soda nimeshaacha. Nilimwambia soda sijagusa tangu nipate ugonjwa wa sukari, na kama haamini aje nyumbani apekue kabati. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania hata kidogo.

Nilikuwa dereva wa watalii. Miaka kumi na tisa kampuni moja, kushuka kreta ya Ngorongoro na kupanda, msimu kwa msimu. Kampuni ilikuwa ndogo, magari mawili tu ya njia ile, na mara nyingi tuliongozana: mimi mbele na kruza mpya, shemeji yangu nyuma na lile la zamani. Shemeji ni Mmasai wa Loliondo aliyemuoa binti wa baba yangu mdogo. Sisi ni Wairaqw, watu wa jembe, na ndoa ile ilipingwa na kwao na kwetu. Mimi ndiye niliyesimama upande wake mbele ya wazee wetu. Kazi pia nilimuombea mimi kwa bosi, miaka miwili baada ya mimi kuanza. Sisemi haya kujisifu, nasema ili ujue mtu huyu alikuwa nani kwangu.

Sukari yangu ilionekana siku madereva tulipopimwa afya kabla ya msimu. Bosi aliniita, akafunga mlango, akaongea nami kwa heshima. "Mzee, wewe unabeba watu kwenye ule mteremko. Siku macho yakikuzingua, nitasema nini kwa ndugu zao?" Akanipa miezi mitatu. Kila jioni nikirudi, kabla sijakabidhi funguo, binti wa ofisini atanitoboa kidole na kuandika namba. Miezi mitatu ikiisha na namba bado zinaruka, naachia usukani. Nilikubali, ningefanya nini. Usukani ule ndio uliosomesha wanangu wote, na kazi nyingine sikuijua wala sikutaka kuijua.

Nikaenda kliniki ya sukari kama nilivyoagizwa. Nesi pale ni mama mmoja mnene, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Akanipa vidonge, akanipunguzia ugali, chai akaniambia ninywe bila sukari, jambo ambalo kwa mtu wa milimani kwenye baridi ni adhabu tosha. Akasema, "Na juisi, baba, marufuku. Ya dukani, ya boksi, hata hiyo ya kukamua mwenyewe nyumbani. Ukitamani kitu kitamu, kula chungwa. Chungwa ruksa."

Neno hilo ruksa nilitoka nalo pale nikiwa na furaha ya kijinga. Mimi napenda machungwa kuliko tunda lolote, hasa yale ya Tanga yenye ganda la kijani, maana ya kwetu huku juu ni machachu, yanakukunja uso. Nilikuwa tayari kuacha kila kitu alichotaja mama yule maadamu machungwa yangu hayaguswi.

Na chungwa linaliwaje? Sidhani kama kuna Mtanzania wa kufundishwa. Unachukua kisu kikali, unamenya ganda la juu, jembamba, unazungusha mpaka limalizike. Ule weupe unaubakiza ushikilie chungwa lisipasuke. Unakata kichwa, unatia chumvi kidogo na pilipili ya unga, unaweka mdomoni, unaminya, unafyonza. Likilegea unalipasua, unafyonza na huku upande wa pili, makapi unatupa. Mama yangu alinifundisha hivyo, wanafunzi wanakula hivyo nje ya shule, na yule mwenye mkokoteni stendi ya Karatu anauza hivyo. Kutafuna makapi sijawahi kumwona mtu, labda mbuzi.

Basi tulikuwa na desturi yetu. Tukishapanda kutoka kreta, wageni wanashuka ukingoni kupiga picha za mwisho na kutafuta choo, na sisi tunasimama nyuma ya magari. Shemeji anatoa kisu chake na machungwa matano tuliyonunua asubuhi, anamenya. Alikuwa fundi kuliko mimi. Yeye mwenyewe hakuwa anakula. Alisema matunda ni chakula cha nyani, mwanamume anakunywa maziwa. "Haya, nyani mkubwa, pokea," ananiambia, nami namjibu kwamba nyani wa Buger wana akili kuliko ng'ombe wote wa Loliondo. Tunacheka. Ananipa la kwanza, nalifyonza, ananipa la pili, mpaka yote matano yaishe. Makapi yanaingia kwenye mfuko wa taka, maana askari wa hifadhi hawana mchezo na uchafu. Kisha tunateremka Karatu, mwendo wa chini ya saa moja, nami naingia ofisini kutobolewa kidole.

Namba zikawa za ajabu. Asubuhi nyumbani, kabla ya chai, nilikuwa napata saba, wakati mwingine sita na kitu, na nesi akinisifu. Jioni ofisini, kumi na tano. Kumi na sita. Siku moja kumi na nane, mpaka yule binti akabadilisha mashine akidhani imeharibika. Nilibana zaidi. Mchana nikaacha mkate. Nikaacha viazi. Nikawa nashinda na yai moja na tango kreta nzima, tumbo linaunguruma wageni wanasikia, halafu jioni naambiwa kumi na sita. Kitu pekee nilichojiruhusu kilikuwa machungwa yangu, na yale nilikuwa nimeruhusiwa.

Bosi akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. "Asubuhi mtakatifu, jioni umetoka wapi?" aliniuliza mara moja, kwa utani ambao haukuwa utani. Nikaapa mbele yake kwamba siweki kinywani chochote kilichokatazwa. Nilikuwa nasema kweli kama ninavyoijua, nikasema kwa hasira kwa sababu niliona haniamini.

Sasa nieleze habari ya juisi za boksi. Wageni hubeba lanchi boksi kutoka hotelini, na ndani, pamoja na kuku na keki, kuna juisi ndogo ya boksi. Wengi hawainywi. Mchana tunapoegesha kando ya lile bwawa la viboko, wanakula ndani ya gari kwa sababu ya mwewe wanaopokonya chakula, wanakuachia mabaki, wanasema wape watoto wako. Wanangu mimi ni watu wazima. Shemeji ndiye mwenye watoto wadogo, watatu, wanaoniita mjomba. Kwa hiyo juisi za gari langu zote nilizitia kwenye mkoba, na jioni, baada ya kukabidhi gari, napita nyumbani kwake wakati yeye bado yuko kituo cha mafuta, nawaachia. Nimefanya hivyo tangu mkubwa wao anaota meno. Wananisikia mlangoni, wanatoka mbio, na mama yao ananikaribisha chai isiyo na sukari ananicheka.

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, bosi aliniita. Safari hii hakufunga mlango. Akasukuma simu yake mezani, akaniambia tazama. Ilikuwa picha yangu. Niko kando ya bwawa, mlango wa nyuma wa gari uko wazi, mkono mmoja una juisi ya boksi na mwingine umezama kwenye mkoba. Nimeinama na kugeuza shingo kama naangalia nani ananiona, kumbe nilikuwa naangalia mwewe.

"Nimetumiwa," akasema. "Mzee, ungeniambia tu kwamba imekushinda."

Nilijua papo hapo ilipopigwa. Ilipigwa kutoka kwenye kiti cha dereva wa gari lililoegeshwa nyuma yangu, kupitia kioo, na kwenye kona ya picha kulikuwa na ufa. Kioo chenye ufa kilikuwa cha gari la zamani peke yake. Lakini akili ilikataa. Nikajiambia labda aliipiga kwa mzaha, mtu mwingine akaichukua kwenye simu yake, sijui. Nikamwambia bosi, "Hizo nawapelekea watoto wa shemeji. Muite mwenyewe, yuko hapo nje."

Akaitwa. Akaingia, akavua kofia, akasimama karibu na dirisha. Bosi akamuuliza taratibu, "Mzee anasema hizi juisi zinakwenda kwako, wanakunywa watoto wako. Ni kweli?"

Nilikuwa nimeshaanza kujiandaa kuondoka, mkono uko kwenye kofia yangu, kwa sababu nilijua neno moja tu lake lingemaliza habari. Akatazama sakafu. "Watoto wangu hawanywi juisi za boksi, bosi. Mimi nilimuona tu anaweka kwenye mkoba."

Nilimtazama mpaka akanyanyua macho, akayashusha tena. Ningeweza kumpigia dada yangu simu pale pale, niweke sauti kubwa, bosi asikie mwenyewe watoto wanavyoulizia juisi zao. Niliishika simu. Kisha nikafikiria: dada yangu atajibu kweli, na jioni atalala nyumba moja na mwanamume ambaye yeye ndiye amemuumbua mbele ya bosi wake. Nikairudisha mfukoni. Nilizitupa funguo mezani, zikateleza zikaanguka chini, na sikuinama kuziokota. Bosi alinifuata mlangoni akaniambia naweza kusaidia gereji mpaka mambo yatulie. Nilimjibu vibaya, maneno ambayo sitayarudia hapa. Jumatatu yake kruza yangu ilishuka kreta ikiendeshwa na shemeji.

Hivyo ndivyo nilivyomwaga unga. Nikarudi Buger kwenye shamba la mahindi na mbaazi ambalo kwa miaka yote nilikuwa mgeni wake wa likizo. Mke wangu hakuniuliza kitu, na kutoniuliza kwake kuliniuma, kwa sababu nilihisi naye anapima moyoni kama nilikunywa au sikunywa. Nikawa mkali kwa kila kitu, kwa kuku, kwa mvua, kwa redio. Machungwa nikaongeza. Kila alasiri nilikaa ukumbini na kisu, matano, wakati mwingine sita, nikifyonza kwa kisirani, najiambia hili angalau hakuna wa kuninyang'anya, hili lina ruhusa.

Kliniki ilipofika nikatobolewa nikiwa nimekula machungwa yangu njiani, nikingoja gari. Kumi na saba. Nesi akavua miwani. Nikamuwahi kabla hajasema: sinywi soda, sinywi juisi, chai kavu, ugali kiasi cha ngumi ya mtoto, na kama na yeye haniamini nirudishe vidonge vyake nikafe kwangu. Wagonjwa kwenye benchi wakageuka kunitazama.

"Sijasema sikuamini," akasema. "Nakuuliza leo umekula nini."

"Machungwa. Mlisema ruksa."

"Mangapi?"

"Matano."

Alishtuka hapo, lakini hakugomba. Akavuta droo yake akatoa chungwa, nadhani lilikuwa lake la mchana. "Nionyeshe unavyokula."

Niliona ananidharau. Hata hivyo nikatoa kisu, nikamenya, nikakata kichwa, nikafyonza, nikapasua, nikafyonza tena, makapi nikayatupa kwenye ndoo yake ya taka. Akainuka, mwili wake wote ule, akayaokota kwa vidole viwili, akayaweka juu ya karatasi mbele yangu.

"Baba, na hili je?"

"Makapi hayo."

"Hili ndilo chungwa," akasema. "Hizi nyama ndizo tulizokwambia ule, utafune, umeze. Zinazuia sukari isiingie kwa fujo. Na moja, baba, si matano. Ulichofanya hapa ni kukamua juisi, tofauti umekamulia mdomoni."

Nilikasirika kuliko nilivyokasirika ofisini kwa bosi. Nilimuuliza ni nani katika nchi hii anayetafuna chungwa, anionyeshe mmoja. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ya kwanza. Akakiri. Alisema yeye alisoma neno kula kwenye mafunzo yao akalisema hivyo hivyo, kwamba na yeye nyumbani kwake anafyonza, na hakuwahi kufikiria. Aliomba radhi, na mimi nikakaa pale na yale makapi mbele yangu nikishindwa hata kuyapokea. Miezi mitatu nilikuwa nimeapa mbele ya watu kwamba sinywi juisi, na kila jioni nilikuwa nakunywa machungwa matano, kisha saa moja baadaye nanyoosha kidole changu kupimwa. Nilijiona mjinga, na lile tunda nililolitetea niliona limenisaliti kwa uso wa kirafiki.

Nilibadilika. Chungwa moja, navua ganda lote kwa mkono, nalivunja vipande, natafuna na utando wake, baada ya chakula, taratibu. Mwanzoni lilikuwa kazi ngumu mdomoni, mke wangu akinicheka kwamba nacheua. Jioni namba zikashuka: kumi, tisa, nane. Nikazibeba na daftari langu la kliniki mpaka kwa bosi. Aliyatazama makaratasi yote, akanisikiliza habari ya nesi mpaka mwisho, akasema anafurahi kwa afya yangu. Halafu akasema, "Kwa hiyo mzee, juisi ulikuwa unakunywa kweli." Kiti changu kilikuwa kimeshapata mtu. Labda msimu mwingine, alisema, na wote wawili tulijua umri wangu.

Jumapili moja baada ya kanisa nikasikia mlio wa gari ninaoujua. Shemeji alikuwa amekuja na kruza mpaka Buger. Akashuka anacheka, mikono wazi, kama zamani. "Shemeji, dada yako ameniambia kila kitu. Kumbe kweli ilikuwa juisi! Mimi miezi yote hii silali, najiuliza nimefanya nini, kumbe nilisema kweli."

Alikuwa amefurahi kwa moyo wake wote. Mtu alikuwa ametuliwa mzigo, na aliyemtua ni mimi na machungwa yangu. Nilimwacha amalize, kisha nikamuuliza, "Siku ile ofisini ulijua habari ya machungwa?"

"Hapana. Nani angejua?"

"Watoto wako wanakunywa juisi za boksi au hawanywi?"

Aliishusha mikono yake. Akasema, "Wanakunywa."

"Basi kweli umeiokota njiani. Wewe ulibeba uongo."

Akaegemea gari. Akaanza kusema alikuwa ananiogopea, namba zangu zilikuwa zinapanda, wageni, mteremko. Nikamkatiza. Nilimwambia kama alinihofia angeniambia mimi, pale pale ukingoni, akiwa na kisu mkononi ananimenyea. Nilimwambia sitaki maneno ya kupaka mafuta. "Nipe neno moja la kweli tu. Wewe ni mume wa dada yangu, wanao ni wapwa wangu. Ukinipa neno la kweli nakusamehe leo hii, na chai utakunywa."

Nilimaanisha. Mke wangu alikuwa ameshaweka maji jikoni.

Akatazama barabara. Alipoongea hakuwa mpole tena. "Miaka kumi na saba nimekula vumbi lako," akasema. "Kila siku. Wageni wangu wanafunga vioo wanakohoa, wakifika kwa simba, simba ameshainuka ameondoka, wewe umeshamuonyesha kwa watu wako. Gari jipya likija ni lako, mimi narithi ulilochoka nalo. Kila jioni ninakumenyea machungwa na vumbi lako liko kwenye kope zangu. Hata mara moja, shemeji, hukuwahi kuniambia, leo pita mbele."

Ilikuwa kweli. Sikuwahi kumwambia, wala halikuwahi kunijia kichwani. Lakini nilichokuwa nakisikia pale si vumbi. Nilikuwa naona jioni zote zile ukingoni, kisu chake, chumvi, kicheko chetu, na mtu huyu ndani yake ananichukia tangu wapi, tangu lini, mimi napokea chungwa namwambia asante. Gari angeweza kulichukua nikapona. Miaka ile aliichukua yote, hata ile niliyodhani tulikuwa na furaha.

Alisubiri. Mke wangu akatokea mlangoni na vikombe, akatuona tulivyosimama, akarudi navyo ndani. Shemeji akauliza kwa sauti ndogo, "Si ulisema utanisamehe?"

Nilikuwa nimesema. Aliitoa kweli kama nilivyomuomba, na mimi nilipoutafuta ule msamaha niliomuahidi, sikuwa nao.